Maji yapite, bakteria wabaki: utando unaosafisha majitaka ya miji

Ukiokota jiwe kutoka katika chujio la majitaka lililofanya kazi miezi kadhaa, kwanza litakuponyoka. Limevikwa ute wa kahawia unaoteleza, mzito kiasi cha kukwanguka kwa ukucha, na kwa macho hauna sura ya kitu cha maana. Ni ndugu wa ule utelezi unaoziba bomba la sinki, na wa ule utando unaousikia kwa ulimi kwenye meno asubuhi kabla hujapiga mswaki. Hata hivyo, majitaka ya mji yakinyunyizwa juu ya rundo la mawe ya aina hiyo na kuchuruzika mita mbili hivi hadi chini, hutoka yakiwa yameacha sehemu kubwa ya uchafu wake njiani. Safari hiyo huchukua dakika, si siku.

Ukiuliza kilichotokea, jibu la kawaida ni kwamba bakteria wamekula uchafu. Si uongo, lakini jibu hilo linaliruka swali lenyewe. Bakteria wamejaa tele katika majitaka tangu yanapotoka chooni. Kama kula kungekuwa ndiyo kazi yote, bomba refu lingetosha na maji yangefika mwisho wa safari yakiwa masafi. Jiwe ni la nini, basi?

Jiwe ni la kushikia. Karibu kila jambo nitakaloeleza hapa, kuanzia tabaka zilizojificha ndani ya ute hadi bakteria wekundu ambao kwa muda mrefu walijulikana kwa hesabu za karatasini tu, linaanzia hapo.

Hesabu ya muda

Majitaka ya mjini ni maji kwa takriban asilimia 99.9. Kinachosumbua ni hicho kidogo kinachobaki: mabaki ya chakula, kinyesi, mafuta na sabuni, ambavyo vyote vina kaboni; amonia, ambayo sehemu yake kubwa inatokana na mkojo; fosforasi; na vimelea vya magonjwa. Uchafu wa kaboni ukimwagwa mtoni, bakteria wa mtoni wataushambulia na kuimaliza oksijeni, samaki wakafa kwa kukosa pumzi. Amonia nayo ni sumu kwa samaki, na huvuta oksijeni kuliko watu wengi wanavyodhani: kila gramu ya nitrojeni iliyomo ndani ya amonia inahitaji gramu 4.57 za oksijeni ili igeuke nitrati, yaani nitrojeni iliyoshikana na oksijeni.

Bakteria wanaokula kaboni ni wepesi. Wakipata chakula na hewa, mmoja huwa wawili ndani ya saa chache. Wanaoshughulika na amonia ni wazito. Hata mambo yakiwanyookea wanahitaji karibu siku nzima kugawanyika, na maji yakiwa ya baridi, siku kadhaa. Sasa fikiria tangi ambalo maji hukaa saa sita kisha yanatoka. Kabla bakteria wa amonia hajagawanyika hata mara moja, maji ya tangi yameshabadilishwa mara nne na yeye mwenyewe ameshasukumwa nje. Tangi hilo lipulizie hewa usiku na mchana, amonia itatoka kama ilivyoingia. Bakteria hao hawakufa kwa njaa wala kwa sumu. Walifagiliwa tu.

Njia moja ya kukwepa janga hilo ni kuwaacha bakteria waelee, kisha kuwatuliza kama tope chini ya tangi lingine na kuwarudisha walikotoka. Ndiyo waliyoitangaza Edward Ardern na William Lockett wa Manchester mwaka 1914. Jaribio lao la kwanza la kupuliza hewa katika majitaka lilichukua kama wiki tano hadi amonia yote igeuke. Badala ya kumwaga tope lililobaki, walilitunza, wakaongeza majitaka mapya, wakarudia, wakarudia tena. Mwishowe kazi ileile ikawa inamalizika ndani ya saa 24. Hewa ilikuwa ileile na majitaka ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba wafanyakazi hawakufukuzwa tena kila jioni.

Njia nyingine ni ya zamani zaidi, na kwangu ndiyo yenye ujanja zaidi: mpe bakteria kitu cha kushika. Kituo cha majaribio cha Lawrence, Massachusetts, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1887, kilionyesha hilo kwa mchanga na changarawe, na mwaka 1893 Joseph Corbett alikuwa ameshaweka chujio la kunyunyizia huko Salford, Uingereza. Jina "chujio" linapotosha kidogo. Nafasi zilizo baina ya mawe hayo hupitisha kidole bila taabu, kwa hiyo hakuna kinachochujwa kama chai. Kazi yote hufanywa na ute.

Gundi na mgeni wake

Wataalamu huuita ute huo bayofilamu. Mimi nitauita utando, kwa kuwa ndivyo ulivyo.

Jiwe safi likilowanishwa na majitaka, dakika za mwanzo hupata ngozi nyembamba ya protini na mafuta yaliyojibandika yenyewe. Bakteria wanaopita hugusa ngozi hiyo. Wengi huondoka, wachache hubana. Aliyebana huanza kutoa gundi: mchanganyiko wa minyororo mirefu ya sukari, protini, mafuta, na hata DNA iliyovuja kutoka kwa wenzake waliopasuka. Wengine hunasa katika gundi hiyo, nao wanatoa yao. Baada ya siku kadhaa kuna vichuguu vidogo vyenye njia za maji katikati, na baada ya wiki kadhaa jiwe zima limevikwa. Ukiukausha utando na kuupima, mara nyingi utakuta uzito mkubwa ni wa gundi. Bakteria wenyewe ni sehemu ndogo.

Gundi haishiki miguu tu. Bakteria hana mdomo. Kipande cha mafuta au punje ya wanga ni kikubwa mno kwake, kwa hiyo inambidi atoe vimeng'enya vikakate chakula huko nje, kisha afyonze vipande vidogo. Anayeelea peke yake hutoa vimeng'enya na mkondo ukavichukua, akawa amepika chakula kikaliwa na wengine mbali. Ndani ya gundi vimeng'enya vinabaki palepale, na chembe za uchafu zilizonasa juu zinakatwa polepole mbele ya majirani wote. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Majitaka ndiyo mgeni: yanapita upesi, na mwenyeji anabaki na alichoachiwa.

Gundi pia ni ngao, na hilo lilionekana mapema ajabu. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyechungulia utando wa meno yake kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe katika miaka ya 1680, aliona kwamba siki aliyosukutulia iliwaua wadudu wa nje tu. Wale wa ndani ya utando waliendelea kuchezacheza. Mtambo wa majitaka unanufaika na jambo hilohilo. Mtu akimwaga dawa kali ya kusafishia kwenye bomba, bakteria wanaoelea hupigwa kwa mkupuo mmoja, ilhali walio ndani ya utando hufikiwa na sumu iliyopungua makali, kama inawafikia.

Utasikia pia kwamba bakteria wa utando "wanazungumza". Maana yake ni kwamba kila mmoja hutoa molekuli fulani, na wakiwa wengi mahali pamoja molekuli hizo hujaa kiasi cha kuwasha jeni ambazo zilikuwa zimezimwa. Ni kweli na imechunguzwa sana. Ila katika mtambo wa majitaka, kwa maoni yangu, jambo hilo limetiwa chumvi. Oksijeni inaamua mambo mengi zaidi kuliko mazungumzo yoyote.

Sehemu ya kumi ya milimita

Lita moja ya hewa tunayovuta ina karibu miligramu 280 za oksijeni. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 iliyoshiba hewa kabisa ina miligramu 9 tu. Na oksijeni hiyo, ikiachwa itembee yenyewe bila mkondo, hutembea ndani ya maji polepole kama mara elfu kumi kuliko hewani. Ndani ya gundi hakuna mkondo wa kuisukuma. Inabidi ipenye yenyewe, na kila inayempita anajikatia.

Matokeo yake yalipimika vizuri pale wanasayansi walipotengeneza vihisio vya kioo vyenye ncha nyembamba kuliko unywele, wakavizamisha ndani ya utando hatua kwa hatua. Juu kabisa oksijeni ipo. Ukishuka kidogo inapungua. Mara nyingi, ikifika sehemu ya kumi au mbili za milimita, imekwisha. Utando ulio na unene wa milimita moja una ghorofa ya juu yenye hewa, na chini yake ghorofa nyingi ambazo hazijui oksijeni ni nini.

Tabaka hizo zina wakazi tofauti. Juu, kwenye hewa na chakula kingi, wametawala wale wepesi wanaounguza kaboni, wakiwemo akina Zoogloea na Acinetobacter. Chini yao kidogo, oksijeni ikiwa bado ipo lakini chakula cha kaboni kimepungua, hupatikana wa amonia. Chini zaidi hakuna oksijeni, lakini kuna nitrati iliyoshuka kutoka juu, na wapo bakteria kama Thauera wanaoweza kuvuta pumzi kwa nitrati badala ya oksijeni. Wao huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni, ileile iliyojaa hewani, nayo hupanda na kutoka. Nitrati nayo ikiisha, chini kabisa kuna wanaovuta pumzi kwa salfati, wakatoa ile gesi yenye harufu ya yai viza.

Tazama kilichofanyika hapo. Katika ute usiozidi unene wa kucha kuna kazi mbili zinazopingana, moja inayohitaji oksijeni na nyingine inayoharibiwa nayo, na zote zinaendelea kwa wakati mmoja. Mhandisi akitaka kuzitenganisha kwa zege angejenga matangi mawili na pampu kati yake. Utando umezitenganisha kwa njaa: walio juu wamekula oksijeni yote, na kwa ulafi wao wamewatengenezea walio chini makao.

Mpangilio huohuo unajirudia katika chujio zima, kutoka juu hadi chini. Kwenye mawe ya juu, ambako majitaka ni mabichi, wala kaboni wanakua haraka, wanamaliza oksijeni na kuwafunika wa amonia, ambao hawana nguvu ya kugombania nafasi. Mpaka kaboni ipungue sana ndipo wa amonia wanapata mahali pa kupumua. Kwa hiyo mawe ya juu yana ute mnene, ya chini yana ute mwembamba, na amonia huondolewa chini. Kwa sababu hiyo, chujio linalozidiwa na uchafu huacha kuondoa amonia kwanza, siku nyingi kabla maji hayajaanza kunuka.

Amonia, hadithi ndefu

Kisa cha amonia nakipenda kuliko vyote, kwa kuwa kila mara watu walipodhani wamekimaliza, utando mwingine uliwatolea jambo jipya.

Mwaka 1877, Théophile Schloesing na Achille Müntz wa Ufaransa walipitisha majitaka polepole kupitia bomba lililojazwa mchanga na chokaa. Siku za mwanzo amonia ilitoka vilevile. Baada ya siku kama 20, ghafla ikaanza kutoka nitrati. Hapo ndipo walipofanya jambo la busara: walitia mvuke wa klorofomu, dawa inayozima viumbe hai, na nitrati ikakoma. Walipoondoa klorofomu na kuongeza maji yaliyosuuziwa udongo mbichi, nitrati ikarudi. Kama ingekuwa kemia tupu ya mchanga, klorofomu isingeizuia na isingehitajika kuisubiri siku 20. Kulikuwa na kitu hai kinachokua polepole. Mnamo 1890 Sergei Winogradsky akawatenga wenyewe, na ikafahamika kwamba kazi hufanywa kwa zamu mbili: kundi moja, kama Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati.

Kwa karibu miaka mia moja vitabu viliandika kwamba kundi hilo la pili katika mitambo ya majitaka ni Nitrobacter. Sababu ni ya kibinadamu kabisa: Nitrobacter ndiye aliyekubali kuoteshwa kwenye chupa ya maabara. Miaka ya 1990 ilipowezekana kuwatia bakteria rangi kwa kufuata jeni zao wakiwa palepale ndani ya utando, ikaonekana kwamba aliyejaa mitamboni ni mwingine, Nitrospira, asiyependa chupa. Vitabu vilimtaja aliyeoteka kirahisi, na mfanyakazi halisi hakuandikwa.

Nitrospira hakuishia hapo. Mwaka 2006 watafiti watatu, Costa, Pérez na Kreft, waliuliza swali lililoonekana la kitoto: kwa nini kazi ya amonia igawanywe zamu mbili, ilhali mmoja angeweza kuifanya yote na kupata nguvu nyingi zaidi? Hesabu zao zilisema bakteria wa namna hiyo angekua polepole lakini angetumia chakula chake vizuri kuliko wote, kwa hiyo atafutwe mahali ambako upole si kosa: ndani ya tando. Mwaka 2015 vikundi viwili vilimpata kwa wakati mmoja. Kimoja kilianzia kwenye utando wa bomba la maji moto ya kisima kirefu nchini Urusi, kingine kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Alikuwa Nitrospira yuleyule wa zamu ya pili, safari hii akiifanya na ya kwanza. Mmoja wao aliitwa Nitrospira inopinata, maana yake asiyetarajiwa, ingawa kuna waliomtarajia miaka tisa kabla.

Kisha kuna wale wekundu. Mwaka 1977 mkemia wa Austria, Engelbert Broda, alipiga hesabu za nishati akaona kwamba amonia na nitriti zingeweza kuunguzana bila oksijeni kabisa na kutoa gesi ya nitrojeni. Akaandika kwamba bakteria wa kufanya hivyo wamekosekana katika maumbile. Hakuna aliyewatafuta kwa bidii. Baadaye, katika mtambo wa majaribio wa kampuni ya hamira ya Gist-brocades mjini Delft, Uholanzi, ambao utando wake ulikuwa umeshika punje za mchanga, amonia ilianza kupotea mahali ambapo hapakuwa na oksijeni. Arnold Mulder na wenzake walilichapisha hilo mwaka 1995, na mwaka 1999 bakteria wenyewe wakatambuliwa. Mchakato huo unaitwa anamoksi. Bakteria wake ni wekundu kwa wingi wa protini zenye chuma, na katikati ya kazi yao hutengeneza haidrazini, kemikali inayotumika kama mafuta ya roketi, ambayo huifungia ndani ya chumba maalumu chenye kuta nzito.

Faida yake kwa mtambo ni kubwa. Kwa njia ya kawaida unaunguza amonia yote hadi nitrati, kwa gharama ya hewa inayopulizwa kwa umeme, halafu unahitaji kaboni ya kuirudisha kuwa gesi. Kwa anamoksi unaunguza nusu tu, tena hadi nitriti tu, na kilichobaki kinamalizana chenyewe. Oksijeni inayohitajika hupungua kwa karibu asilimia 60, na kaboni haihitajiki. Kizuizi ni kilekile cha mwanzo: muda. Vipimo vya kwanza vilionyesha bakteria wa anamoksi akichukua siku 11 hivi kugawanyika. Bila utando, au chembe za ute zinazozama haraka, kiumbe wa namna hiyo hana nafasi katika mtambo wowote.

Vitu vya kushika

Historia ya wahandisi katika jambo hili ni ya kutafuta jiwe bora. Mita moja ya ujazo ya mawe hutoa kama mita 50 za mraba za kukalia. Plastiki iliyokunjwakunjwa hutoa mara mbili au zaidi. Katika miaka ya 1960 zilianza kutumika sahani kubwa zilizopangwa kwenye mhimili, nusu zikiwa majini nusu hewani, zikizunguka taratibu ili utando uonje majitaka kisha uvute pumzi. Wanorwe, wakiongozwa na Hallvard Ødegaard wa Trondheim, walileta vipande vidogo vya plastiki visivyofika sentimita moja, vyenye msalaba ndani, vinavyoelea na kupigwapigwa na viputo vya hewa. Mita ya ujazo ya vipande hivyo ina kama mita 500 za mraba za ndani, ambako utando haukwanguliwi na migongano.

Kuna waliogeuza utando kichwa chini, miguu juu: bakteria wanakaa juu ya kirija chembamba kinachopitisha hewa, oksijeni inatokea chini yao na chakula kinatokea juu. Hapo wa amonia, wanaokaa karibu na kirija, ndio wanaopata hewa kwanza, na mpangilio wote niliouelezea juu unapinduka. Na kuna walioondoa jiwe kabisa. Ukijaza na kumwaga tangi kwa mtindo fulani, ukiwapa chakula kingi kwanza bila hewa, na ukimfukuza kila asiyezama upesi, bakteria hushikana wao kwa wao na kuwa chembe kama za mchanga, kila chembe ikiwa na tabaka zake. Kazi hiyo ilikuzwa Delft na Mark van Loosdrecht, ambaye mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm pamoja na Bruce Rittmann, bingwa wa hesabu za tando. Gansbaai nchini Afrika Kusini ni miongoni mwa miji ya mwanzo kuitumia.

Wanaoula utando

Utando usipoliwa huziba. Juu yake hutambaa viumbe wenye seli moja kama Vorticella, wenye umbo la kengele juu ya uzi, wanaovuta bakteria wanaoelea na hivyo kuyang'arisha maji. Kuna minyoo, kuna konokono, kuna nzi wadogo wenye mabawa ya manyoya ambao mabuu wao huchimba ndani ya ute. Wakiwa kiasi, wanaupa mtambo afya. Konokono wakizidi, hula hasa ute mwembamba wa chini, yaani hula wale wa amonia waliochukua wiki kukua.

Utando pia hujibandua. Ukinenepa, walio chini kabisa hukosa chakula, huanza kulana na kufa, gesi hujikusanya chini yao, na siku moja kipande kizima huporomoka. Baada ya chujio ndiyo maana kuna tangi la kutulizia vipande hivyo. Usiliruke tangi hilo ukidhani bakteria "wamemaliza" uchafu. Wala kaboni huunguza takriban nusu tu ya wanachokula. Iliyobaki imekuwa miili yao. Uchafu uliokuwa umeyeyuka umegeuzwa kuwa kitu kinachozama, na kisipotolewa kinarudi mtoni kwa jina jingine.

Fosforasi inaumbua zaidi. Haina gesi ya kutokea. Wapo bakteria, hasa Accumulibacter, wanaoilimbikiza mwilini, lakini wanafanya hivyo wakipitishwa kwa zamu mahali pasipo hewa penye chakula, kisha penye hewa. Aliyebandikwa kwenye jiwe hatembei. Labda umletee hali tofauti kwa zamu hapohapo alipo, kama chembe za Delft zinavyofanyiwa; la sivyo, fosforasi huondolewa kwa chumvi za chuma au alumini.

Mengine yanahitaji jicho. Nitrati ikirudishwa nusunusu, hutoka oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha joto dunia zaidi ya mara 270 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Kugeuza amonia hutoa asidi, na maji yasiyo na chokaa ya kutosha huchachuka hadi kazi ikasimama. Majirani waliobanana ndani ya gundi hupeana jeni, zikiwemo za kuhimili viuavijasumu. Utando huupunguza wingi wa vimelea, lakini maji yanayotoka si ya kunywa, na wala hayakukusudiwa yawe. Na ndani ya mabomba ya majitaka, kabla hata ya kufika mtamboni, tando za aina hii hutoa ile gesi ya yai viza, ambayo bakteria wengine kwenye dari ya bomba huigeuza asidi ya salfa inayokula zege.

Niseme pia kuhusu pakiti za bakteria zinazouzwa kwa ahadi ya kuufufua mtambo. Sijawahi kuona sababu nzuri ya kuzinunua kwa majitaka ya kawaida ya mji. Bakteria wa kila aina wanaohitajika wanafika wenyewe kila sekunde kwa bomba. Anayebaki anaamuliwa na hewa, chakula, joto na nafasi ya kushika. Ukimwaga mgeni mahali ambapo hali haimfai, kesho hayupo. Hali ikimfaa, alikuwa anakuja hata hivyo.

Wale wekundu tu ndio kanuni hiyo inawachelewesha mno. Mtambo wa kwanza mkubwa wa anamoksi ulijengwa Rotterdam, ukaanzishwa mwaka 2002 ukiwa na tangi la mita za ujazo 70, bila mahali popote duniani pa kuazima mbegu ya kutosha. Ulichukua miaka mitatu na nusu kufikia kazi yake kamili. Mitambo iliyofuata ililetewa ute mwekundu uliokwisha kukomaa kwingine, ikaanza kazi kwa muda mfupi zaidi.